Msamaha Usio Wake

Mume wangu Dionis alikuwa mwalimu wa dini pale Goweko, na kama kuna mtu aliyezaliwa na wasiwasi tumboni, ni yeye. Akifunga mlango, hurudi kuutikisa. Akimaliza Rozari, huanza kujiuliza kama hakuruka Salamu Maria moja, basi anaianza upya yote, na ugali wangu unapoa. Nilikuwa nikimtania kwamba siku ya hukumu malaika watasinzia wakimngoja amalize kujishtaki. Naye alikuwa akicheka. Lakini mwaka ule aliokufa Wenceslaus kicheko kilimwisha, na mimi utani ukanikauka mdomoni.

Wakati huo ulikuwa wa Mwingereza, mwaka wa pili tangu nzige walipotufyeka. Padre alikuwa akitoka misheni Tabora, anafika kwetu mara chache kwa mwaka, na mvua zikizidi hafiki kabisa. Siku zote alizokuwa hayupo, kanisa letu la udongo lilikuwa juu ya kichwa cha Dionis. Yeye ndiye aliyesalisha Jumapili, akafundisha katekisimu, akabatiza watoto wachanga waliokuwa wanakata roho, akazika. Mambo mawili tu hakuyagusa, misa na kuungamisha watu, kwa sababu hayo ni ya padre. Na hakuna aliyelisema hilo kwa ukali kuliko yeye. Aliwaambia wanafunzi wake kwamba siri ya maungamo padre huenda nayo kaburini, hata atishwe kwa panga hasemi. Watoto walikuwa wakitoka darasani macho yamewatoka.

Sasa niwaambie habari za Ngollo, maana bila Ngollo hakuna la kusimulia.

Ngollo alikuwa jirani yetu wa upande wa reli, mrefu, mpole, mtu wa kusema neno moja pale wenzake wanaposema kumi. Alikuwa mkatekumeni. Miaka mingi alisoma dini, medali ya Bikira Maria shingoni, ikabaki Pasaka moja tu abatizwe. Kama wanaume wengi wa kwetu, kilimo kikiisha aliingia porini na wenzake kurina asali. Mizinga hutundikwa juu ya miti, kila mtu na alama yake, na hakuna anayelinda. Nani alinde pori zima? Ndiyo maana kwetu mwizi wa asali anachukiwa kuliko mwizi wa ng'ombe. Ng'ombe ana mchungaji, lakini mzinga unalindwa na uaminifu wa watu tu. Na mwizi wa asali akijulikana, hapigwi. Ananyimwa moto. Hakuna nyumba itakayompa kaa la kuwashia jiko lake, na hakuna atakayeota moto aliouwasha yeye.

Mwaka ule mizinga ya mzee Mfaume, Mwislamu mmoja aliyezeekea katika kazi hiyo, ilikutwa imekombwa masega yote, hata yale ya watoto wa nyuki. Aliyeikuta ni Ngollo. Alikuja mwenyewe mbio mpaka kambini kutoa habari, uso umevimba, maana nyuki walikuwa wamechachamaa. Basi wenzake wakaanza kuutazama ule uso. Eti aliyeona ndiye aliyekula! Alijitetea kwa maneno yake yale machache, na maneno machache hayamfai mtu aliyeshtakiwa. Waliporudi kijijini shauri lilikuwa limekwisha.

Jumapili iliyofuata Dionis alimwita mbele ya kanisa, akamvua medali. Mimi nilikuwepo. Ngollo aliinama ili uzi upite kichwani, kwa sababu Dionis ni mfupi, halafu akarudi kukaa mahali pake mpaka sala zikaisha. Tangu siku ile nyumba yake ikanyimwa moto. Mkewe Siwema alikuwa akienda mpaka kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli kuomba kaa, kwa watu wageni wasiojua habari zetu. Mwisho maskini alichoka, akawachukua watoto akarudi kwao Lusu. Ngollo akabaki peke yake.

Na Wenceslaus? Ah, Wenceslaus alikuwa nguzo ya kanisa. Kila mwaka ndiye aliyetoa nta ya mshumaa wa Pasaka, akaipeleka misheni mwenyewe, amevaa kanzu yake nyeupe, na Padre akamtaja jina kanisani. Mwaka ule pia aliitoa, donge kubwa la manjano, tukampigia vigelegele. Miezi michache baada ya Pasaka akashikwa na kichomi. Ndugu zake walitaka kumpeleka hospitali, akakataa, akasema anataka padre. Mtu akatumwa Tabora, akarudi na jibu kwamba Padre yuko ziarani mbali. Ikabidi aitwe Dionis.

Alichoambiwa ndani ya chumba kile mimi nilikuja kukijua baadaye sana, lakini nyinyi nawaambia sasa hivi, msije mkateseka kama nilivyoteseka mimi. Wenceslaus ndiye aliyekomba mizinga ya mzee Mfaume. Ya kwake ilikuwa imevunjwa na nyegere, na misheni wanasubiri nta. Mkono mtupu haulambwi, na yeye alikuwa amezoea kulambwa. Akaiba ili apeleke kanisani, jamani! Halafu akakaa kimya akimtazama Ngollo akiangamia. Yote hayo alimmwagia Dionis huku anahema, akamshika mkono, akamwapisha kwa msalaba kwamba hatamwambia mtu yeyote, watoto wake wasije wakaitwa watoto wa mwizi. Dionis akaapa. Kisha mgonjwa akamwomba amwondolee dhambi.

Dionis alimwambia kwamba yeye si padre. Wenceslaus akaanza kulia, na mume wangu hawezi kuona mtu analia. Akainua mkono, akachora msalaba hewani kama alivyomwona Padre akifanya mara nyingi, akasema, "Umesamehewa. Nenda kwa amani." Wenceslaus akatulia kama mtoto aliyeshiba. Alikufa jioni ile ile.

Basi, hapo ndipo moto ulipohamia kwetu. Mwanzoni nilidhani ni msiba tu, kwa kuwa walikuwa marafiki. Lakini msiba una mwisho wake. Wiki zilipita na Dionis hali, halali, nguo zinamning'inia. Akisalisha Baba Yetu, akifika pale pa kusamehewa makosa, sauti inamkatika, na watoto ndio wanaomalizia. Akimwona Ngollo kwa mbali huacha njia akaingia kwenye vichaka kama mtu aliyebanwa na haja. Apolinaria, mjane wa Wenceslaus, alikuja kumshukuru kwa kuwa mumewe alikufa kwa amani, akamletea ile kanzu nyeupe ya marehemu iwe ukumbusho. Dionis aliipokea kwa mikono miwili, akaitundika ukutani, na hakuivaa hata siku moja. Nilimkuta mara nyingi ameketi kitandani anaitazama.

Nami ni mwanamke kama wanawake wengine. Nikawaza labda kuna mtu nje. Nilimbana siku moja wakati anakoboa mahindi, nikamwambia baba Josepha, kama umepata mwingine sema, nijue moja. Alinitazama kwa huruma, kama kwamba anatamani ingekuwa hivyo.

"Mama Josepha, usiniulize," akasema. "Nimefungwa mdomo."

Nikamuuliza amefungwa na nani. Akajiziba mdomo kwa kiganja, hivi, kama mtoto. Hasira zilinipanda, nikachukua ungo wangu nikaenda kupepeta kwa jirani.

Baadaye alinieleza jinsi ilivyokuwa ndani yake. Aliamini kwamba kwa kuwa amesikiliza kama padre, basi lazima anyamaze kama padre, la sivyo ni dhambi juu ya dhambi. Tena aliogopa ule msalaba aliouchora hewani. Alitafuta katika katekisimu yote jina la kosa la mtu anayejifanya padre mbele ya anayekufa, hakuliona, na kutoliona kukamtisha zaidi. Aliogopa pia kwamba Wenceslaus yuko motoni anamwita, kwa sababu alimdanganya. Na chini ya hayo yote kulikuwa na jambo jingine alilolisema kwa shida. Akifungua mdomo kuhusu Wenceslaus, itabidi aseme na la kwake, na ufunguo wa kanisa utatoka mkononi mwake. Hakujua tena kinachomfunga ni dini au ni woga. Na huku anajiuliza hayo, kila asubuhi anatazama upande wa reli, anaona paa la Ngollo halitoi moshi.

Ndipo wakaja wale wa kuandikisha manamba, vibarua wa mashamba ya mkonge ya Tanga. Walipiga mbiu sokoni, na vijana wakajitokeza. Ngollo hakuwa kijana, lakini naye alikwenda akajiandikisha. Sasa angebaki kufanya nini? Hana mke, hana moto, hana wa kumsalimia. Na sote tulijua kwamba Tanga wengine hurudi, na wengine hufia huko au hupotelea huko. Mimi ndiye niliyempa Dionis habari hiyo, tukiwa tumekaa kula. Tonge lilimtoka mkononi.

Akauliza wanaondoka lini. Nikamjibu Jumamosi, kwa gari moshi litokalo Tabora. Akanawa mikono bila ya kula, na kulipopambazuka akaniambia anakwenda kwa Padre. Nilimwambia angoje gari moshi la kwenda, lipo keshokutwa. Akasema keshokutwa ni mbali. Akashika ile njia ya zamani ya misafara, waliyopita babu zetu na pembe za ndovu mabegani, akaenda kwa miguu, na kwenye kifuko chake amechukua ile medali ya Ngollo.

Anasema njiani alijifunza maneno ya kumwambia Padre, na kila akiyapata yanampotea. Aliogopa Padre asiwepo. Halafu aliogopa awepo. Kufika karibu na mji akawa anatembea polepole kama bibi harusi, siku zinazidi kuisha, hata muuza maji mmoja akamuuliza kama anaumwa.

Padre alikuwepo. Sisi tulimwita Padre Ndevu, mzee wa Kizungu aliyesema Kinyamwezi kwa namna ya kuchekesha lakini akieleweka. Dionis alipiga magoti mahali pa kuungamia, akamwaga yote. Mengine hakuniambia, na mimi sikuuliza. Lakini haya aliniambia, kwa kuwa ndiyo yaliyomgeuza.

Padre alimwambia kwamba siri ya maungamo si yake, kwa kuwa yeye si padre, na Wenceslaus alilijua hilo. Alichosikia ni kilio cha mtu anayekufa, na kiapo cha kumfunika mwizi huku asiye na kosa anaangamia si kiapo mbele ya Mungu. Dionis akapumua, akaona kama gunia limemtoka mgongoni. Halafu Padre akamuuliza alimwambia nini Wenceslaus kuhusu Ngollo. Dionis akajibu hakumwambia kitu. Padre akatikisa kichwa.

"Hata mimi mwenye mamlaka," akasema, "nisingemwondolea mpaka akubali kumrudishia Ngollo jina lake. Wewe umetoa msamaha usio wako, Dionis. Ule ulikuwa wa Ngollo."

Dionis alilia, akauliza kama Wenceslaus amepotea. Padre akamjibu kwamba hilo amwachie Mungu, kwa kuwa Mungu anajua machozi ya kweli. Akamwambia alichotakiwa kufanya ni kumwongoza mgonjwa kwa sala ya kutubu, basi, ile ile anayowafundisha watoto kila siku. Mume wangu alisema hapo ndipo alipotamani ardhi immeze. Sala ile aliijua kuliko jina lake, na siku ile haikumjia kichwani. Mwisho Padre akampa sharti. Amwambie Ngollo ukweli, mbele ya watu wale wale walioshuhudia akivuliwa medali. Na kazi ya ualimu aiweke chini, hadi atakapoambiwa.

Jumamosi Dionis akapanda gari moshi hilo hilo lililokuwa linakuja kuwachukua manamba. Hebu fikirini. Alikaa humo akijua kwamba likifika Goweko litasimama kidogo tu, injini inywe maji, kisha linaondoka na mtu wake. Gari lilichelewa kutoka Tabora, akadhani Mungu anamfungulia nafasi. Kisha akakumbuka kwamba likichelewa litapunguza muda wa kusimama. Aliyekaa naye alimwomba aache kugonga miguu.

Sisi tulikuwa stesheni toka asubuhi. Wanawake wanalia, manamba wamepangwa mstari na vifurushi vyao. Ngollo amesimama nyuma kabisa, hana anayemuaga. Apolinaria alikuwepo, amemsindikiza mdogo wake. Mzee Mfaume alikuwepo, maana mjukuu wake alikuwa anaondoka. Gari halijasimama sawasawa, nikamwona mume wangu anaruka, anaanguka kwa magoti, anainuka. Nikajua sasa hivi nitakijua kile alichonificha, na nikaogopa kukijua.

Alipanda juu ya magunia ya karanga ili aonekane. Sauti yake ilikuwa nyembamba, lakini ilisikika.

"Ngollo hakuiba," akasema. "Aliyekomba mizinga ya mzee Mfaume ni Wenceslaus. Aliniambia mwenyewe wakati anakufa, nami nikajifanya padre, nikamsamehe, nikanyamaza. Nilimvua medali mtu asiye na kosa mbele yenu, na mbele yenu nasema mimi ndiye mkosaji."

Apolinaria alijifunika kanga usoni, akaondoka kwa kufuata reli, peke yake, na hakuna aliyethubutu kumfuata. Nilimhurumia kuliko nilivyowahi kumhurumia mtu. Mzee mmoja alinung'unika kwamba maiti hasemwi. Mwingine akamwambia nyamaza, na aliye hai je? Dionis akashuka juu ya magunia, akaenda mpaka kwa Ngollo, akamnyooshea medali. Ngollo aliitazama, akaichukua, hakuivaa. Aliifunga kwenye pembe ya nguo yake.

Mzee Mfaume ndiye aliyeagiza maji. Kwetu mtu mwenye kinyongo akikubali kusamehe, hutia maji kinywani akayapuliza chini mbele ya aliyemkosea, na hasira yote ikatoka nayo. Hakuna anayeweza kumlazimisha, lakini akishapuliza, jambo limekufa na halifufuliwi. Maji yakaletwa kwenye kibuyu. Mzee Mfaume mwenyewe aliyapokea, akampa Ngollo kwa mikono miwili, akisema hata yeye anaomba, kwa kuwa alikuwa wa kwanza kumnyooshea kidole.

Ngollo akajaza kinywa. Wanawake tukaweka ulimi tayari kwa vigelegele. Akamtazama Dionis, akamtazama, akamtazama. Sijui aliona nini pale. Mume wangu alikuwa amesimama na vumbi la safari mpaka kwenye nyusi, mdomo umemlegea.

Ngollo akayameza.

Akajifuta kwa mkono, akamrudishia mzee kibuyu. "Nilikuwa na kiu, Mwalimu," akasema. Kisha akapanda gari moshi.

Yaliyofuata ndiyo maisha yetu, na hayakuwa mepesi. Ufunguo wa kanisa ulichukuliwa, akaletwa mwalimu mwingine, kijana wa sauti nzuri. Dionis akawa anakaa benchi la nyuma na wakatekumeni. Sokoni walimbatiza jina la Padre Dionis. Wakimwona tu, utasikia, Padre, nimekula mahindi ya jirani, niondolee! Mimi niliwatukana, sikatai, tena mmoja nilimmwagia maji ya kuoshea dagaa. Yeye alinisihi niache. Alisema wanachosema ni kweli.

Alimrudishia Apolinaria ile kanzu, akaikuta milango imefungwa, akaiacha kizingitini. Msimu mzima wa mvua mama yule hakutuitikia salamu. Kisha siku moja tukasikia amempelekea mzee Mfaume mizinga miwili ya marehemu, na tulipokutana kisimani alinitwisha mtungi wangu. Sikuthubutu kumshukuru kwa sauti.

Dionis alikwenda hadi Lusu akamweleza Siwema mbele ya wazazi wake. Waliomsikiliza walimkalisha juani, na alikubali kukaa. Siwema alilia, na kiangazi kilichofuata akawachukua watoto akamfuata mumewe Tanga. Nilifurahi kwa ajili yake, lakini nilimwona Dionis akihesabu moyoni. Sasa Ngollo hakuwa na sababu yoyote ya kurudi Goweko.

Hata hivyo aliifagia ile nyumba tupu. Aliezeka paa lake kabla ya letu, tukagombana kwa ajili hiyo. Akasaidia kuzika, akawakalia wagonjwa, na mtu akianza kumfunulia mambo yake humwambia, ngoja, mimi si padre, tusali pamoja. Watu wakaanza kusema Dionis amekuwa mtakatifu. Loh! Wangejua! Mtakatifu gani anayegaagaa kitandani akijiuliza kama alisema pale stesheni kwa kumpenda Mungu au kwa kuwa Padre alimtuma? Nilimwambia alisema, imetosha. Akanijibu kwamba yeye anamjua mtu mmoja ambaye haijamtosha.

Na kila manamba waliporudi alikwenda stesheni. Jua, mvua, alikwenda. Anawauliza mmoja mmoja kama wamemwona Ngollo, mtu mrefu, mpole. Wengine hawamjui, wengine wamesikia yuko shamba jingine. Alikuwa akirudi nyumbani, na mimi nampakulia bila ya kuuliza.

Miaka ilikwenda. Siku moja nilifuatana naye, nilikuwa na kuku wa kuuza. Alishuka kijana mmoja aliyeitwa Yoramu, Mmoravian, mkataba wake umekwisha, miguu yote ina makovu ya mkonge. Alitusalimu shikamoo, tukaitikia marahaba. Dionis akamuuliza swali lake lile. Yoramu akafikiri, akasema hamjui Ngollo yeyote. Kisha Dionis akamweleza urefu wake, na mkewe Siwema, na watoto.

"Aa, yule," Yoramu akasema. "Tulikuwa kambi moja. Lakini huyo haitwi Ngollo sasa. Alibatizwa Pasaka hii kwa Wakatoliki. Anaitwa Dionis."

Nilipiga kigelegele palepale, kuku wakashtuka. Nikamgeukia mume wangu nimwambie umeona! Lakini yeye alikuwa amekuwa wa rangi ya majivu. Alikuwa ameushika mfuko wa Yoramu kwa mikono yote miwili, kama anayezuia mtu asiondoke na mali yake. Akaniambia kwa sauti ya chini, sijui, mama Josepha, labda amelichukua ili asisahau. Labda kila wakimwita anakumbuka nilichomfanyia. Nilikasirika kweli kweli. Nikamwambia mtu gani mwenye akili timamu anajitia jina la adui yake maisha mazima, na wewe utaacha lini kujichimbia shimo? Hakunisikia. Alikuwa anamtazama Yoramu.

"Mwanangu," akamuuliza, "wakimwita kwa jina hilo, anaitikaje?"

Yoramu alicheka kidogo, maana aliona ni swali la ajabu.

"Anaitika, mzee. Tena upesi. Ukimwita kutoka mbali anaitika kabla hujalimaliza."

Dionis akauachia ule mfuko, akakaa chini kwenye kokoto za reli, akalia mbele za watu wote.